Maswali na Majibu: Mezani na watoto, bendi ikipiga

Habari za kazi, wahariri. Jumapili huwa tunakwenda kula kwenye mgahawa wa bustani wenye bendi. Tuna mtoto wa miaka mitano na mwingine wa miezi kumi. Safari iliyopita mdogo alilia tangu spika zilipowashwa mpaka tukaondoka na chakula kwenye mifuko. Je, kelele zile zinaweza kumdhuru? Na tukae wapi?
*Mama wa wawili, Tabata*

Mama, mtoto wa miezi kumi hawezi kusema kuwa masikio yanamuuma, wala hawezi kuhama meza. Kilio ndiyo lugha yake, kwa hiyo kisikilizeni.

Na ndiyo, zinaweza kumdhuru. Sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda salama unapungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 100 ni robo saa tu. Kumbuka kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022 kwa kumbi za burudani, limeweka ukomo wa desibeli 100, ukiwa wastani unaopimwa katika kila dakika 15. Hivyo hata ukumbi unaofuata mwongozo unaweza kuwa na kelele zisizomfaa mtoto mchanga.

Kinga ya kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti hushuka kama desibeli 6. Kama mita 5 kutoka kwenye spika ni 100, mita 10 ni 94 na mita 20 ni 88. Kwa hatua chache tu umetoka kwenye robo saa hadi saa nne. Chini ya paa la bati hesabu hii haitimii vizuri, kwa sababu bati hurudisha sauti chini. Chagueni meza chini ya mti.

Kaeni pembeni mwa spika, si mbele yake. Sauti kali huelekea mbele kama mwanga wa tochi, lakini besi husambaa kila upande na hujikusanya kwenye kona za kuta. Glasi zikianza kutetemeka mezani, hameni. Kipimo kingine rahisi: ukilazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, mko karibu na 85 au mmeshapita.

Kwa mdogo nunueni kinga za masikio za kufunika sikio lote, za saizi ya umri wake. Vile vya kusikilizia muziki si kinga, hata vikiwa vikubwa. Kifuniko lazima kigusane na ngozi pande zote: ukingo wa kofia, kilemba au shanga za nywele huacha upenyo, na sauti huingia hapo. Pamba haisaidii kitu cha maana. Vizibo vidogo vya kuingiza sikioni msimpe kabisa, vinaweza kuishia kooni. Akisinzia, mvueni na mwondoke naye. Utepe wa kinga hizo usimkandamize kichwa akiwa amelala.

Salamu kwenu. Mbuzi choma akiagizwa huchukua muda, watoto wanamaliza soda na kuanza kukimbia kati ya meza. Tupange vipi?
*Baba, Tanga*

Baba, tatizo linaanza na oda moja kwa meza nzima. Kilo ya mbuzi inayoanza ikiwa mbichi inaweza kuchukua saa nzima, zaidi kama kuna foleni jikoni. Pigeni simu kabla hamjatoka nyumbani ili nyama iwekwe motoni. Mkifika, agizeni ya watoto peke yake na mwambieni mhudumu itangulie: wali na maharage, ndizi au chipsi. Sahani moja ya mkubwa huwatosha wadogo wawili. Soda ije baada ya chakula. Ikitangulia, tumbo dogo linajaa sukari na sahani hairudi tupu.

Kuku mchaneni mpaka mfupani. Akiwa na wekundu au maji ya damu, rudisheni jikoni. Kachumbari yenye mayonezi iliyokaa nje kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 kwa saa moja msiiguse.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni kukabwa. Mtoto aliyekabwa kabisa hatoi sauti, na muziki ukiwa juu hata kikohozi cha kwanza hamtakisikia. Mtu mzima mmoja akae akimtazama usoni muda wote anapotafuna. Mshikaki utoeni kwenye kijiti, kateni nyama kukatisha nyuzi zake, vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Soseji ipasueni kwa urefu mara nne, si kwa duara. Karanga na bisi zisubiri mpaka apite miaka minne.

Akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, mpigeni mara 5 kati ya mabega akiwa ameinamishwa. Ikishindikana, aliyezidi mwaka mmoja mbinyeni tumbo juu ya kitovu mara 5; aliye chini ya mwaka mbinyeni kifua katikati kwa kitako cha kiganja kimoja, mara 5, kamwe si tumbo. Rudieni, huku mwingine akitafuta msaada.

Binti yangu wa miaka mitatu anataka kucheza mbele ya jukwaa. Nimwachie?
*Mama, Mombasa*

Mwache acheze, ukimshika mkono na akiwa amevaa viatu, kwa wimbo mmoja au miwili, mbali na nguzo za spika na nyaya zilizolala chini. Sebene, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likianza mrudishe mezani. Hapo ndipo sauti hupanda na watu wazima hujaa mbele bila kutazama miguuni. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu.

Kwa Kenya, ulizeni kwanza kama sehemu ya chakula imetengwa na baa. Sheria ya vileo ya 2010 inamzuia mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa.

Tuondoke saa ngapi?
*Wazazi wapya, Morogoro*

Kabla ya giza. Tangazo likisema bendi saa kumi, mara nyingi saa hiyo mafundi bado wanapima mitambo, na maiki hulia ghafla kwa ukali. Fikeni saa nane, mle kwa utulivu, msikilize nyimbo za mwanzo. Mbu wa malaria huanza kazi jua likizama. Mvisheni mtoto nguo za mikono mirefu, na dawa ya kupaka msiipake viganjani mwake. Bili iombeni pale nyama inapofika mezani, maana mtoto akishachoka, dakika 20 za kusubiri chenji ni nyingi mno.