Kaladiamu imepukutisha majani yote: je, imekufa?

Umesema kaladiamu yako ya kwenye chungu, ule mmea wa mapambo wenye majani ya rangi, ilipendeza kwa miezi kadhaa, kisha majani yakaanza kulala moja baada ya jingine, ukaongeza maji, na sasa umebaki na udongo mtupu. Unauliza kama uitupe. Tafadhali usiitupe kabla hujafukua.

Mimi nimeshapoteza tatu kwa namna hiyohiyo. Nilidhani zina kiu, nikazimwagilia kila siku, kumbe zilikuwa zinaingia usingizini. Huu ni mmea wa tropiki za Amerika ya Kusini, jamii moja na gimbi, na akiba yake yote iko kwenye kiazi. Ukame ukija, baridi ikiingia au mchana ukipungua, huachia majani na kulala. Kiazi kilicholala hakina majani ya kuvuta maji, kwa hiyo unachomimina kinabaki pale pale na kukiozesha.

Fukua kwa vidole, taratibu, kisha ukibonyeze. Kizima ni kigumu kama tangawizi. Kilichooza kinabonyea na kutoa harufu mbaya. Kama kimeoza upande mmoja tu, kata mpaka ufikie nyama safi, kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, halafu kifukie kwenye maranda makavu ndani ya boksi lenye kupitisha hewa. Usikiweke kwenye friji, maana joto likishuka chini ya nyuzi 15 kinaharibika.

Kukirudisha udongoni ngoja joto. Udongo ukiwa baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, kitakaa tu, na kikikaa kwenye unyevu kitaoza. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: mizizi ya kaladiamu hutokea upande wa juu wa kiazi, kuzunguka macho (vinundu vinavyochipua majani), wala si chini. Kwa hiyo upande wenye vinundu na makovu ya vikonyo ndio unaotazama juu, na sentimita nne au tano za udongo zinatosha kukifunika. Ukikigeuza bado kitaota, ila kitachelewa.

Angalia pia lile jicho kubwa la katikati. Mimi huling'oa kwa ncha ya kisu kabla ya kupanda. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka, lakini macho madogo ya pembeni yaliamka yote na chungu kikajaa mpaka udongo haukuonekana. Majani huwa madogo kidogo, ila ni mengi, na kwenye chungu naona hiyo ndiyo sura nzuri zaidi.

Kuhusu mahali: kivuli chepesi, au jua la asubuhi peke yake. Jua la adhuhuri huunguza majani, na yale meupe huanza kukauka kingo kama karatasi. Giza nalo halifai, vikonyo vinarefuka na kuanguka. Aina zenye majani membamba huvumilia jua zaidi. Punguza mbolea ya naitrojeni, kwani ikizidi kijani hutawala na rangi kupotea. Mmea ukitoa ua, likate.

Chini ya miti mikubwa sipandi moja kwa moja ardhini, kwa sababu mizizi ya mti huinyang'anya maji. Nachimba shimo, natumbukiza chungu chenye matundu mpaka ukingo, nazungushia mboji. Majani yakilala nakiinua kizima kizima na kukiweka pakavu.

Kama una watoto, paka au mbwa, weka mbali. Utomvu wake huwasha kama gimbi bichi, na jani likitafunwa mdomo unavimba.

Basi fukua leo, ubonyeze, uniambie kikoje. Kikiwa kigumu, weka picha ya upande wenye makovu nikuonyeshe jicho la kung'oa.