Maji ya Bombomu Yalikuwa ya Nini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu babu alitusimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, na mzigo wake ulikuwa debe la maji ya bombomu (bunduki ya rashasha), maji ambayo askari hawakuruhusiwa kuyanywa. Bunduki huhitaji maji ya nini, na ilikuwaje isikwame katika joto la huku kwetu? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, babu yako hakutia chumvi. Bombomu aliyoibuni Hiram Maxim jijini London mwaka 1884, na bombomu ya Vickers iliyotokana nayo na kupokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1912, zilipozwa kwa maji. Mtutu wa Vickers ulipita ndani ya silinda iliyojazwa takriban lita 4, na kwa kuwa bunduki hiyo ilifyatua risasi zipatazo 500 kwa dakika, maji yalianza kuchemka baada ya risasi kama 600 za mfululizo. Maadamu maji yalikuwamo, mtutu haukuungua hata yakitokota. Mvuke uliongozwa kwa bomba la mpira hadi kwenye kopo, ukageuka maji tena na kurudishwa. Mpira huo ulisaidia pia kuuficha mvuke machoni pa adui.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapa: kila risasi ilipotoka, mtutu ulirudi nyuma kidogo, na mrudio huo ndio ulioendesha mitambo yote. Kwa hiyo, ili usogee bila maji kuvuja, nafasi iliyouzunguka kwenye ncha zote mbili za silinda ilizibwa kwa uzi wa asibesto (madini ya nyuzinyuzi yasiyoungua) uliolowekwa mafuta na kuzungushiwa kwa mkono. Uzi ukilegea, maji yalivuja. Ukikazwa mno, mtutu ulikosa nafasi ya kurudi na bunduki ikakwama. Kipimo sahihi kilijulikana kwa vidole vya mzoefu, na kwa maoni yangu kazi hiyo ndogo ilistahili sifa kuliko shabaha yenyewe. (Wanaozitunza bunduki hizo leo hutumia uzi wa grafiti, kwa sababu vumbi la asibesto huharibu mapafu.)

Mkanda wa risasi 250 nao ulikuwa wa kitambaa, na kitambaa kikipata unyevu hakiachii risasi kwa urahisi, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Bunduki ilipokwama, mpigaji hakuanza kuifungua. Aliutazama mkono wa chuma ulio upande wa kulia, ambao aliweza kuupapasa hata gizani, kwa sababu mahali uliposimama palionyesha kasoro: ukisimama karibu wima, mrudio ulikuwa hafifu, pengine kwa sababu ya uzi ule uliokazwa mno; mkono ukilala kabisa, risasi haikuwaka au mkanda ulikuwa umekwisha.

Adui wa mwisho alikuwa kutu. Fataki za risasi za wakati huo, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa kila risasi, ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu, ambayo mafuta peke yake hayaiondoi. Baada ya mapigano mtutu ulimiminiwa maji yanayochemka, ukakaushwa na kupakwa mafuta, kisha ukasafishwa tena siku zilizofuata, maana chumvi iliyosalia ilijitokeza upya. Basi huenda debe la baba wa babu yako liliendelea kuhitajika hata bunduki ilipokwisha kunyamaza.