Kwa Mnaoanza Wodi ya Moyo: Andikieni Mgonjwa, Msiandikie Jina la Ugonjwa

Wadogo zangu, nimepitia mafaili ya wiki nzima, na kila mgonjwa wa mshtuko wa moyo ameandikiwa dawa zilezile kwa mpangilio uleule, hata kosa la tahajia kwenye jina la atorvastatini limenakiliwa kutoka faili moja hadi jingine. Bidii yenu naipenda, lakini kunakili si kutibu.

1. Aspirini ya kwanza, miligramu 300, hutafunwa. Simameni hapo mpaka itafunwe.

2. Vizuizi vya beta, dawa za kupunguza kasi ya moyo, ndivyo vinavyoninyima usingizi. Juzi nilimkuta mgonjwa wa mshtuko wa ukuta wa mbele wa moyo, mapigo 118 kwa dakika, presha 96 kwa 60, mikono ya baridi, maji yanasikika chini ya mapafu yote mawili, na kwenye chati metoprololi ya mshipani, mojawapo ya vizuizi hivyo, imeandikwa kwa mwandiko safi kabisa. Nilipouliza sababu, nikajibiwa kwamba moyo unakwenda mbio, kwa hiyo upunguzwe kasi. Moyo ule ulikuwa unakwenda mbio kwa sababu kila pigo lilisukuma damu kidogo mno, na wingi wa mapigo ndio uliokuwa umeishikilia ile presha. Dawa tuliifuta kabla haijachomwa. Sikugomba sana, maana fani yetu nzima ilipita njia hiyohiyo: tuliwahi kuichoma dawa hii mapema tukiamini tunaokoa, hadi utafiti wa COMMIT uliofanyika China kwa wagonjwa 45,852 ulipotoa majibu mwaka 2005. Katika kila wagonjwa 1,000, metoprololi ya mapema iliwaepusha takriban 5 na mshtuko wa pili na 5 na mtetemo wa ventrikali (vyumba vikuu vya moyo kutetemeka bila kusukuma damu), lakini iliwatumbukiza 11 kwenye shoki ya moyo (moyo kushindwa kuupa mwili damu ya kutosha), hasa katika siku ya kwanza na ya pili, na vifo kwa jumla havikupungua. Waliozama zaidi ni wa aina ya yule wa juzi. Subirini presha itulie na mapafu yakauke, ndipo muanze na kidonge cha dozi ndogo. Tena, tangu utafiti wa REDUCE-AMI wa mwaka 2024, mgonjwa ambaye ventrikali yake ya kushoto inasukuma asilimia 50 au zaidi ya damu iliyomo kwa kila pigo anastahili mjadala hata kuhusu hicho kidonge.

3. Kabla ya naitreti, dawa inayotanua mishipa na kushusha presha, ulizeni kuhusu dawa za nguvu za kiume: sildenafili ndani ya saa 24 na tadalafili ndani ya saa 48. Waombeni ndugu watoke kwanza. Mbele ya mkwe hakuna mwanamume aliyewahi kuitumia. Mshtuko ukiwa wa ukuta wa chini, pimeni ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya upande wa kulia kabla ya kuandika chochote cha kushusha presha.

4. Siku ya ruhusa, mwenye stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) aambiwe kwamba klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida ni ya miezi 12, asiiache maumivu yakiisha, kwa sababu stenti inaweza kuziba ghafla. Na ile diklofenaki ya maumivu ya mgongo aliyokuja nayo mfukoni, ifuteni kwenye orodha kabla hamjasaini.