Chuo ni mjomba wa asiye na mjomba

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama jina la chuo alichosoma kijana lina uzito anapotafuta kazi ya benki, uhasibu au fedha kwa jumla. Nimelisoma nikiwa Isevya, Tabora, barazani kwa dada yangu, jioni ileile tuliyokuwa tukibishana kuhusu jambo hilohilo. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na amepata udahili sehemu mbili: Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) kampasi ya Kigoma, na chuo kimoja cha Dar es Salaam. Anatakiwa athibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa. Mama yake anataka Dar.

"Kigoma ni mwisho wa reli," anasema. "Kazi za fedha hazilali mwisho wa reli."

Mtoto mwenyewe kainamia simu. Mimi ndiye pekee kwenye ukoo ninayekula mshahara wa kushika hesabu za watu, kwa hiyo nikageuzwa hakimu.

Kabla sijajibu, niwaeleze nilichofanya mwaka jana, ingawa hakinipendezi. Niliitwa kwenye jopo la usaili la SACCOS moja, yaani chama cha kuweka akiba na kukopa, hapa mkoani. Nafasi ilikuwa moja, ya mhasibu. Maombi yalifurika, mengine yametoka Mbeya na Mtwara, na sisi tulikuwa watu wanne wenye mchana mmoja na birika la chai. Nikaanza kupanga bahasha kwa majina ya vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) huku karibu yangu. TIA, CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), Uhasibu Arusha na Ushirika Moshi katikati. Vile nisivyovisikia mara kwa mara, kule ukingoni mwa meza. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenikataza. Sikuwa nimekaa darasani kwenye hata kimoja cha vyuo vile vya ukingoni, kwa hiyo siwezi kudai nilijua wanafundisha vibaya. Nilikuwa nimechoka, na jina ninalolijua lilinipunguzia kazi ya kufikiri.

Walioitwa tuliwapa zoezi: taarifa ya benki ya mwezi mmoja, daftari la fedha la mwezi huohuo, tengeneza usuluhisho wa benki, yaani onyesha kwa nini salio la benki na la daftari hayalingani. Kijana mmoja wa rundo la karibu yangu, mwenye daraja la kwanza kwenye cheti, alikwama kwenye hundi iliyoandikwa lakini haijawasilishwa benki. Aliijumlisha pale ilipotakiwa kutolewa, kisha akatafuta tofauti hadi muda ukaisha. Aliyemaliza wa kwanza, na kwa usahihi, alikuwa binti wa rundo la ukingoni. Huyu hakuwa amechomolewa na mimi. Alichomolewa na mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyestaafu ushirika, baada ya kuona kwenye barua yake kwamba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, alifanyia AMCOS ya tumbaku, chama cha ushirika cha wakulima, huko Kaliua. "Huyu kashika makato," mzee akasema. "Mleteni."

Kwa msomaji asiyejua tumbaku, makato si kitu cha mzaha. Mkulima anakopeshwa pembejeo kupitia chama chake, chama kimekopa benki, tumbaku inauzwa, malipo yanashukia akaunti ya chama, halafu kila mkulima anakatwa deni na michango yake kabla hajaona shilingi. Ukikosea jina moja, kesho yake asubuhi mwenye jina yuko mlangoni kwako na ndugu zake. Aliyepita hapo miezi miwili amejifunza hesabu ambazo hakuna mhadhiri wa kumfundisha kwa hasira ile. Tulimwajiri, na yupo hadi leo.

Sasa najua wapo watakaoruka: basi chuo si kitu, ni uwezo wa mtu! Tulieni kwanza. Binti huyo aliokolewa na neno moja kwenye barua na mzee mmoja mwenye macho. Wenzake wa rundo lile hatukuwaita. Hatujui ni wangapi miongoni mwao wangemaliza zoezi mapema kuliko yeye, kwa sababu hatukuwapa karatasi. Ndiyo kusema chuo hakikusaidii sana ukishaketi mbele ya zoezi, lakini kinasaidia sana katika kukufikisha kwenye kiti. Na kazi nyingi za fedha hufia pale kwenye bahasha.

Serikalini hali ni tofauti kidogo, na niipite haraka. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya mhasibu halitaji jina la chuo. Linataka shahada ya fani inayohusika kutoka chuo kinachotambulika, au kufaulu ngazi fulani ya mitihani ya Bodi ya Wahasibu, NBAA. Kisha ni mtihani wa kuandika, na wa kuzungumza kwa waliovuka. Mtihani wa kuandika haujui ulisoma wapi. Cheti cha CPA, yaani cha uhasibu wa kitaalamu kinachotolewa na NBAA, nacho kina adabu hiyohiyo: ukishakipata, wa Posta jijini Dar na wa Ujiji kule Kigoma wanaandika herufi zilezile baada ya majina yao. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wa vyuo visivyovuma waikimbilie NBAA mapema, wasingoje kuajiriwa kwanza.

Kwenye kampuni binafsi, hasa zile kubwa nne za ukaguzi, yaani Deloitte, PwC, KPMG na EY, pamoja na makao makuu ya mabenki, mambo ni mengine. Hizo ziko Dar es Salaam, na hapo ndipo hoja ya dada yangu ina nguvu.

Mimi nilisoma IFM. Chuo kiko Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya jiji. Ukitoka getini, mabenki, kampuni za bima na ofisi za Benki Kuu unazifikia kwa miguu. (Ofisi hizo za Benki Kuu ziko Mtaa wa Mirambo. Mtoto wa Tabora nilikuwa napita pale nikijiona mwenyeji.) Mwaka wa fildi ulipofika, mwenzangu wa chumbani alipiga simu moja kwa mjomba wake aliyekuwa kwenye bima, na kesho yake akawa na meza. Mimi sikuwa na mjomba hata wa kuuza vocha mjini. Nilizunguka wiki mbili na barua ya chuo mkononi, shati moja, jasho hadi kwenye soksi. Nilipokelewa ofisi ya tisa. Yule mama wa masijala hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alitazama nembo juu ya barua, akasema, "Mlikuja wawili mwaka jana, mlifanya kazi vizuri," akaniandikia jina. Fildi ikazaa mkataba wa miezi mitatu, mkataba ukazaa ajira.

Nembo ile ndiyo ilikuwa mjomba wangu. Wale wawili waliotangulia nisiowajua ndio waliokuwa ndugu zangu wa mjini.

Nilikuja kugundua kwamba hata Marekani wamelipima hili. Huko mabenki ya uwekezaji ya Wall Street, kitovu cha fedha cha New York, yana vyuo vyao vichache ambavyo yanavifuata yenyewe kusajili vijana. Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger waliwalinganisha wanafunzi waliokubaliwa kwenye vyuo vinavyofanana, wengine wakaenda kwenye chuo chenye sifa zaidi na wengine wakachagua cha chini yake. Mapato yao baadaye hayakuachana sana, isipokuwa kwa waliotoka familia za kipato cha chini; hao ndio walionufaika na chuo chenye sifa. Mwaka 2023 mchumi Raj Chetty na wenzake wakaja na jambo jingine: kusoma kwenye vyuo 12 vya juu kabisa vya huko hakuongezi sana mshahara wa wastani, lakini kunazidisha kama mara tatu nafasi ya kuingia kwenye kampuni zenye hadhi kubwa. Mtoto wa tajiri ana watu tayari. Mtoto wa mkulima anaazima watu wa chuo.

Kwa hiyo nikamgeukia dada. Nikamwambia, huyu wako ana mjomba, ndiyo mimi hapa. Fildi nitamtafutia, iwe hapa Tabora au hukohuko Kigoma. Na Kigoma si jangwa la fedha kama anavyodhani. Kuna halmashauri, TRA, bandari, matawi ya mabenki, biashara ya Kongo na Burundi inayopita pale. Kuna mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Kasulu, ambayo kila senti yanamwandikia mfadhili ilikokwenda; kijana akipata miezi miwili kwenye ofisi ya namna hiyo, atajifunza nidhamu ya risiti kuliko mahali pengi pa Dar. Cheti ni cha TIA ileile. Chumba ni nafuu, na dagaa wapo. Wenzake wa Dar wanagombania fildi ileile kwa mamia, na wengi huishia kupanga mafaili tu.

Atakachokosa nacho nilimwambia bila kificho. Hatakutana kwenye korido na mtu wa makao makuu. Akitaka zile kampuni nne, itabidi GPA yake na mitihani ya NBAA vipige kelele kwa niaba yake, na bado huenda bahasha yake ikaangukia kwa mtu aliyechoka kama mimi.

Mpwa akainua uso kutoka kwenye simu. "Mjomba, kwa hiyo nithibitishe Kigoma?"

"Wewe unataka nini?"

"Kigoma. Nilishasema tangu mwanzo, hamkunisikia."

Dada akacheka kwa shingo upande. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Nyumba ya tatu kutoka pale kuna binti aliyemaliza naye kidato cha sita, matokeo yake ni mazuri kuliko ya mpwa wangu. Mama yake anauza maembe na karanga stendi. Naye amechaguliwa kwa masomo ya fedha sehemu mbili, moja Dar na nyingine chuo cha jirani ambacho sikuwahi kukisikia, na ameambiwa na watu wa nyumbani achague cha jirani kwa sababu ya nauli.

"Huyo naye utamwambia nini?" dada akauliza. "Maana hana mjomba."

Nikamwambia aende Dar, mkopo wa Bodi ya Mikopo aombe leo si kesho, na nauli tutachangishana hapa mtaani. Dada akasema maneno hayo nisimwambie yeye, nimwambie mwenyewe. Akamtuma mpwa wangu amwite binti yule, aje na barua zake zote mbili.