Kukaa na mwongozaji mmoja: kisa cha Dulal Dutta wa Kolkata

Mkuu, umeuliza kama mhariri wa filamu akigandana na mwongozaji mmoja miaka nenda rudi anajifungia riziki. Mimi nahariri tamthilia hapa Dar, na aliyenipa jibu ni Mbengali wa India, Dulal Dutta. Ndiye aliyehariri filamu zote ndefu za mwongozaji Satyajit Ray, kuanzia Pather Panchali ya 1955 hadi Agantuk ya 1991. Alifariki 2010.

Wapo wanaosema kazi yake ilikuwa nyepesi, maana Ray alikuwa akichora shoti, yaani kila kipande cha kupigwa, daftarini kabla ya kushika kamera. Nakataa kabisa. Shoti zikiwa za kuhesabu ndipo mhariri anapobanwa, hana ya akiba ya kuokolea jahazi. Kinachobaki mikononi mwake ni muda: nikate hapa, au niiache itulie kidogo? Na enzi zile ulikata mkanda wenyewe na kuuunga kwa mkono, fremu (picha moja moja) 24 kwa kila sekunde.

Pather Panchali ilipigwa kwa vipande tangu 1952 kwa sababu ya ukata. Mwishoni ikawa mbio kuwahi onyesho la jumba la sanaa la Museum of Modern Art, New York, Mei 1955. Ray na Dutta walikesha, na kopi ikasafiri bila hata maandishi ya tafsiri. Sasa tazama pale baba anaporudi safarini na sari ya binti yake Durga, hajui kwamba mtoto ameshafariki. Mama anaipokea ile sari, anaikumbatia, anaangua kilio. Sauti yake huisikii! Unasikia tar shehnai, chombo cha nyuzi, ikipanda juu inakata maini.

Sisi huku sini ya msiba ikifika mezani unaambiwa ongeza kilio, ongeza kinanda. Baada ya kuona ile, nilimwomba mwongozaji wangu tutoe sauti ya mama mfiwa, ubaki upepo tu na viti vinavyopangwa uani. Akakubali, maana tumeshazoeana na ananiamini. Kwa mwongozaji niliyekutana naye wiki hiyo nisingethubutu hata kutamka. Hiyo ndiyo faida ya kukaa, na naamini Dutta aliijua vizuri.

Njia nyingine ipo. Mhariri mwingine, Hrishikesh Mukherjee, alianzia studio za New Theatres huko huko Kolkata, akaenda Bombay na mwongozaji Bimal Roy, akamhariria Do Bigha Zamin ya 1953, kisha 1957 akaongoza filamu yake mwenyewe.

Kwa hiyo pima mtu wako. Kama anakusikiliza mezani na malipo yanaingia kwa wakati, kaa, ila jina lako liandikwe kwenye mkataba kwamba litatokea mwanzoni mwa filamu, na asilimia fulani ulipwe kabla hujakabidhi kazi. Kama anakusimamia begani akuelekeze kila mkato, anza kutafuta wengine mapema.