Kata ina mnara, kijiji hakina mtandao: wasomaji wanauliza, mafundi wanajibu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka vijijini, na karibu zote zinahusu jambo moja: mtandao uliopo kwenye karatasi lakini haupo kwenye simu. Tumechagua nne.

Kata yetu inahesabiwa kuwa ina mawasiliano kwa sababu mnara upo makao makuu ya kata. Kijiji chetu kiko kilomita 14 kutoka hapo, nyuma ya kilima, na simu haisomi kabisa. Tumeandika barua mbili bila majibu. Tufanye nini?
*Mtendaji wa kijiji, mkoa wa Lindi*

Ndugu Mtendaji, barua inayosema "hatuna mtandao" haimpi mpangaji wa zabuni ya minara kitu cha kushika. Anazo nyingi za namna hiyo. Mpe kitu anachoweza kukiweka kwenye ramani: mahali, kipimo na tarehe.

Kwanza ujue fedha zinapita wapi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), uliotokana na sheria ya mwaka 2006, unabainisha maeneo ambayo kampuni za simu hazivutiwi nayo kibiashara, kisha unatangaza zabuni ya ruzuku. Kampuni inayokidhi masharti na kuomba ruzuku ndogo zaidi ndiyo inayopewa eneo. Mei 13, 2023 mjini Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126, chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Ukigawanya, ni kama milioni 166 kwa mnara mmoja, na gharama iliyobaki ni ya kampuni. Kwa hiyo kijiji kisichokuwemo kwenye orodha ya zabuni hakipigiwi hesabu na mtu yeyote. Kampuni haitakiongeza kwa huruma.

Sasa, kwa nini ramani inawapita? Ya kwanza mmeshaiona wenyewe: kata ikihesabiwa kwa jumla, mnara mmoja unavifunika vijiji vyote kwenye karatasi. Marekani walikuwa na tatizo hilo hilo kwa miaka mingi. Nyumba moja ikiweza kuunganishwa, kitalu kizima cha sensa kilihesabiwa kuwa kimehudumiwa, hadi Novemba 2022 ilipotoka ramani inayoonyesha jengo kwa jengo na kumruhusu mwananchi kuipinga. Sababu ya pili ni kwamba picha nyingi za mtandao hutolewa na programu ya kompyuta inayokokotoa kutokana na urefu wa mnara, nguvu ya antena na umbo la ardhi. Data ya ardhi ikiwa ya juu juu, isiyo na undani, kilima chenu kinasawazishwa, na msitu wa miombo wala hauhesabiwi. Ya tatu, hata anayekuja kupima hupima akiwa kwenye gari, barabarani, na barabara mara nyingi hupita pale pale mtandao unapokamata.

Pimeni wenyewe. Tafuteni simu ya Android inayotumia 4G na laini za kampuni zote zinazouza vocha wilayani, maana simu yenye laini moja inapima kampuni moja tu. Bonyezeni \*#\*#4636#\*#\* kama mnapiga simu, kisha fungueni taarifa za simu. Simu zinazokataa namba hiyo huonyesha kipimo kwenye Mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", hali ya laini. Mtaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Hapa ndipo wengi wanapoandika kinyume: -80 ni nzuri kuliko -110. Kwa 4G, hadi -95 mtandao ni mzuri, -105 unasuasua, na ukishuka chini ya -115 (kama -120) hesabuni kwamba haupo. Kwa 2G ya kupiga tu, ukifika -105 simu inakatika katikati ya mazungumzo.

Chagueni angalau sehemu tatu kwa kila kitongoji: shuleni, zahanati, na penye nyumba nyingi. Msipime juu ya kichuguu au juu ya mwembe ambako vijana hupanda kutafuta mtandao, kwa sababu kipimo kimoja kizuri cha mahali hapo kitatumika kuwakatalia. Kila sehemu pimeni asubuhi na usiku, na kila laini ipewe dakika mbili itulie. Andikeni kitongoji, viwianishi vya GPS (namba za mahali zinazoonyeshwa na simu) vyenye tarakimu tano baada ya nukta (hapo usahihi ni kama mita moja), tarehe, saa, kampuni, aina ya mtandao, dBm, na kama simu ya majaribio iliunganishwa. Penye "hakuna huduma" andikeni hivyo hivyo. Msiache nafasi wazi, maana nafasi wazi husomeka kama hamkupima.

Ambatisheni idadi ya kaya na watu kwa kitongoji, shule, zahanati, maghala ya mazao, hali ya barabara wakati wa masika, na umbali hadi nguzo ya umeme ya karibu. Kampuni inayoomba zabuni itatafuta hayo hayo, na yakiwepo hofu yake juu ya eneo inapungua. Mkutano upitishe, muhtasari usainiwe, barua ipitie kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kwenda UCSAF, nakala ofisi ya kanda ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), kwa diwani na kwa mbunge. Barua isiyopitia halmashauri hurudishwa huko huko kuulizwa maoni, na miezi inapita.

Na ulizeni kwa jina la kijiji, si la kata: "Je, kijiji fulani kimo kwenye orodha ya maeneo yasiyo na huduma?" Jibu la "kata yenu ipo" si jibu.

Mnara tunao, mistari ya mtandao imejaa, lakini ujumbe wa picha unazunguka dakika kumi. Tatizo ni simu zetu?
*Mfanyabiashara wa mazao, Kiteto*

Mistari inaonyesha jinsi simu yako inavyoisikia antena. Haisemi lolote kuhusu njia inayotoka mnarani kwenda mjini, na mara nyingi ugonjwa uko huko.

Tazama kwanza herufi iliyo juu ya kioo. Ukiona E, uko kwenye 2G, na kasi yake haitoshi picha hata mnara ukiwa mlangoni kwako. Kuna minara iliyojengwa kwa ajili ya kupiga simu tu, na baadhi imekuwa ikiongezewa 3G au 4G kwa ruzuku. Ombi lenu liwe la kuongeza teknolojia, si la mnara mpya. Ni kazi nafuu zaidi na hujibiwa mapema.

Ukiona 4G na bado mambo ni hayo, pima kasi saa kumi na moja alfajiri na tena saa mbili usiku. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya, ni msongamano: upande mmoja wa mnara wenye masafa ya megahezi 10 hutoa kama megabiti 75 kwa sekunde katika hali bora kabisa, na watu wote wa upande huo wanagawana. Ikiwa mbaya saa zote, shuku kiungo cha nyuma, yaani ile njia ya kutoka mnarani kwenda mjini. Minara mingi ya vijijini inaunganishwa kwa redio za sahani, mnara hadi mnara, na kiungo kikipewa megabiti 20 basi hata antena ya megabiti 75 itatoa 20. Kiungo kikiwa cha setilaiti ya mbali, kurasa huchelewa kuanza kufunguka, zaidi ya nusu sekunde kwa kila ombi, kisha zinakwenda.

Mnara ukizima usiku wa manane na kurudi saa tatu asubuhi, jua likishapanda, hakuna fumbo: betri za sola zimechoka, au zimeibiwa. Andikeni saa za kuzima kwa wiki mbili, muipelekee kampuni kwanza na mchukue namba ya malalamiko. TCRA itawauliza namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

(Simu nazo zina sehemu yake. Kiswaswadu cha 2G hakitaonja 4G hata mkijengewa minara mitatu.)

Mkongo wa Taifa unapita mita 300 kutoka shule yetu. Kwa nini hatuwezi kuunganishwa hapo?
*Mwalimu, Singida*

Mwalimu, faiba ya masafa marefu (waya wa nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga) haitobolewi popote njiani. Huduma inachukuliwa kwenye vituo vyenye vifaa vya kuitoa, na kila kiungio kinachoongezwa katikati kinapunguza mwanga na kuongeza mahali pa kuharibika. Ikiwa waya umo ndani ya nyaya za umeme mkubwa, hata kuufikia kunahitaji kuzima laini.

Njia ya kweli ni kutoka kituo cha karibu au ofisi ya wilaya iliyokwisha kuunganishwa, kwa redio mbili za gigahezi 5 zenye sahani za sentimita 30 hadi 60. Kwa kilomita 10, kuonana kwa macho hakutoshi: katikati ya njia panahitajika uwazi wa kama mita 7 chini ya mstari, na mita moja na nusu zaidi kwa ajili ya mviringo wa dunia. Mti unaokua ndio unaoua viungo hivi, si mvua. Kabla ya kununua, TCRA wathibitishe masharti ya masafa, hasa mkitaka kuwagawia majirani.

Kampuni inataka kiwanja cha mnara kijijini. Tuwape bure ili waje haraka?
*Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Rukwa*

Msiwape bure, na msiwauzie. Pangisheni, kwa mkataba unaosema ukubwa wa eneo kwa mita, miaka, kodi na lini inapanda, nani anatengeneza barabara ya kufikia, na nani anaondoa chuma mkataba ukiisha. Ulizeni vibali vya NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa) na vya mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kusaini. Kinachochelewesha minara kwa kawaida ni mgogoro wa mwenye shamba aliyesahauliwa, kwa hiyo mmiliki wa ardhi na majirani wa mipaka wasaini mbele ya baraza kabla fundi hajapiga kigingi.