Meno yanacheza, nifungue waya?

SWALI: Daktari, salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mumias, umri miaka 41. Nilifungwa waya za meno Kisumu mwezi wa Machi. Sasa meno mawili ya mbele, ya chini, yanacheza nikiyasukuma kwa ulimi. Shemeji yangu anasema waya zinakula mfupa wa taya na nikifika hamsini nitakuwa kibogoyo. Isitoshe, nikipiga mswaki natema povu jekundu. Niende zitolewe?
Mwalimu wa Mumias

JIBU: Mwalimu, shemeji yako amepatia nusu. Mfupa unaliwa kweli, na bila hivyo jino lisingesogea hata kidogo. Jino halikugandishwa kwenye taya. Limeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzi laini, na nafasi kati ya mzizi na mfupa ni kama milimita 0.2 tu. Waya inaposukuma, upande unaobanwa seli humumunya mfupa, na upande ambako nyuzi zinavutwa seli nyingine hujenga mpya. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi, na kazi ikiendelea lazima licheze kidogo. Mfupa mpya huchukua miezi kukomaa. Ndiyo maana ukifunguliwa waya utapewa kifaa cha kushikilia meno. Ukikitia kabatini, yataanza kurudi yalikotoka.

Kilichonishtua ni lile povu, ulilolitaja mwishoni kama jambo la pembeni. Ukoga hupenda kujificha chini ya waya, fizi zikavimba na kutoa damu. Tena kwa watu wa rika letu, huenda ugonjwa wa fizi ulikuwapo hata kabla ya Machi. Mfupa ulioliwa na ugonjwa huo haujijengi upya wenyewe, na kusukuma jino huku fizi zimeoza huongeza hasara. Meno hayo ya chini ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mfupa unaoyafunika upande wa mdomo ni mwembamba hata kwa mtu mzima wa afya.

Usikimbilie kutoa waya. Mwombe daktari apime fizi kwa kile kichuma chembamba chenye alama za milimita: kikizama 1 hadi 3, vyema. Kikizama 4 au zaidi na damu ikatoka, usafishwe mpaka chini ya ufizi, na kusukuma meno kusimame kwanza. Alinganishe pia eksirei mpya na ile ya kabla ya waya. Kama hukupigwa ya kwanza, mwulize kwa nini, mimi ningeuliza.

Nyumbani, nunua vile viburashi vyembamba vya kupenyeza chini ya waya, uvitumie kila usiku. Wengi huruka mahali panapotoka damu, na hapo ndipo panapohitaji kusuguliwa, polepole. Na muwa, najua uko Mumias, usiumenye kwa meno: utang'oa vile vidude vilivyobandikwa.

Kama Kisumu ni mbali kabla ya shule kufungwa, daktari yeyote wa meno hapo Kakamega anaweza kukupima fizi na kukusafisha. Si lazima awe wa waya.